Desemba Yetu ya Kwanza na Baiskeli

Mwaka nilioolewa, Desemba ilianza mchana mmoja pale mume wangu alipoingia chumbani kabla ya saa za kutoka kazini, akavua ovaroli lake lililonuka majani ya chai, akalitundika msumarini na kusema, "Hilo halivaliwi tena mpaka mwaka mpya." Kisha akakaa kitandani akanitazama kama mtu aliyeleta mgeni na sasa anangoja mgeni huyo akaribishwe.

Tulikuwa tukiishi Kericho, katika kambi ya shamba la chai la Wazungu. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda, upande wa mitambo ya kukaushia majani. Tulioana mwezi wa Agosti, wimbi, yaani ulezi, lilipokuwa limeshavunwa, na siku chache baada ya arusi alinichukua tukaenda huko. Sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo jirani wa kulia anasema lugha moja na wa kushoto anasema nyingine. Mke wa jirani yetu alitoka huko chini ziwani, nami sikujua neno la lugha yake, wala yeye la yangu. Tulisaidiana kwa Kiswahili kibovu cha kuombana chumvi na kuulizana habari za moto. Nilikipenda Kiswahili hicho. Nilikuwa bibi arusi, kila kitu nilikipenda.

Mali yetu kubwa ilikuwa baiskeli. Mume wangu aliitamani tangu alipokuwa kijana asiyeoa, na ilifika mikononi mwake Novemba, mpya, nyeusi, ina kengele inayong'aa. Hakukubali ilale nje. Aliisimamisha kati ya kitanda na ukuta, na usiku nikigeuka vibaya goti langu lilikutana na pedeli. Kila jioni aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Mara moja nilimwambia kwamba mimi nilioshwa mara chache kuliko baiskeli, akacheka akaleta kile kitambaa akanipaka mafuta puani.

Siku ile ya ovaroli alisema, "Mwaka huu hutatembea. Kutoka soko la Keumbu mpaka nyumbani kwa baba utakaa nyuma yangu kama mke wa chifu."

"Na baba yako akituona?"

"Hatatuona. Nitakushusha kabla hatujafika."

Hapo inafaa nieleze. Kwetu Wagusii, mke wa mtoto na baba mkwe wana aibu yao ya heshima, tunaiita ensoni. Hawashikani mikono, hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Mwanamke akimwona baba mkwe anakuja njiani, anajitenga kando mpaka mzee apite. Si chuki. Ni namna ya kumwambia mtu kwamba unamheshimu sana. Mimi katika miezi ile sikuwa nimemwona baba mkwe wangu ila kwa mbali: mzee mrefu, mwenye koti zito na kofia ya Kizungu ya rangi ya kahawia aliyoivaa hata kwenye jua kali. Nilimwogopa sana. Mume wangu naye alimwogopa, ila hakupenda nijue.

Tuliondoka asubuhi tukapanda lori lililobeba watu waliokuwa wakirudi makwao kwa sikukuu. Sijapanda gari lenye furaha kama lile tena. Kila mtu alikuwa na sanduku la bati au blanketi jipya lililofungwa kamba. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika taa ya kandili kifuani safari nzima, kama mtoto mchanga, na kila tulipoingia shimoni aliinua taa juu na kuacha mwili wake ugongwe. Baiskeli yetu ilifungwa juu ya mizigo, na mume wangu alikuwa akichungulia kila lori lilipoyumba. Watu walianza kuimba nyimbo za Krismasi tulipopita Sotik. Mimi nilitikisa kichwa tu, maana sikuzijua.

Nilitoka upande wa Nyamira, katika nyumba ya Wasabato. Kwetu siku kubwa ilikuja kila Jumamosi, na ilikuwa kubwa kweli: chakula kilipikwa Ijumaa, nguo nyeupe zikaanikwa, jembe halikuguswa. Lakini Krismasi ilipita kama siku nyingine yoyote. Ikiangukia Jumatatu, tulikuwa shambani tukipalilia, tukisikia ngoma za Wakatoliki ng'ambo ya bonde. Nilipokuwa msichana nilisimama na jembe mkononi nikazisikiliza mpaka mama akaniita. Mume wangu alikuwa wa upande huo wa ngoma. Baba yangu alikubali ndoa yetu kwa shingo upande, na alipokubali alisema jambo moja tu, kwamba nisisahau kuomba, popote nitakapoombea. Kwa hiyo nilikuwa ninakwenda kuiona Krismasi kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na nikiwa ndani ya lori lile nilikuwa na hamu ambayo nilionea haya kuisema.

Keumbu tulikuta soko limejaa hadi barabarani. Mafundi cherehani walikuwa wamejipanga barazani kwa Wahindi, wakishona bila kuinua macho, na akina mama wamewazunguka wakiulizia nguo za watoto. Tulinunua mkate mrefu, sukari, majani ya chai, na kitambaa cha kichwa cha mama mkwe chenye maua mekundu. Sanduku letu tuliliacha kwa muuza duka aliyefahamiana na mume wangu, tutume mtu alichukue kesho. Mimi nikakaa juu ya kerea, kile chuma cha mizigo nyuma ya kiti, miguu upande mmoja, mkate mapajani, kikapu begani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la samawati na leso mabegani.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alimwambia mume wangu, "Umemnunua wapi huyo, mbona umembeba kama unga?"

"Huyu hauzwi," akajibu. "Huyu nilipewa."

Tukaondoka watu wakicheka nyuma yetu. Barabara ya kutoka pale kwenda kwao ilipanda kidogo, ikakaa sawa katikati ya mashamba ya pareto yaliyotoa maua meupe, kisha ikawa njia nyembamba ya udongo mwekundu iliyoteremka hadi kijito. Kwenye mpando nilishuka nikasukuma. Kwenye tambarare nilipanda tena, na upepo ulikuwa ukinijaza leso. Sina namna nzuri ya kuieleza furaha hiyo. Nilikuwa nimezoea kwenda kila mahali kwa miguu yangu na mzigo kichwani, na sasa mashamba yalikuwa yakipita yenyewe, na mgongo wa mume wangu ulikuwa mbele yangu, na alikuwa akiimba kwa pumzi za kukatika. Watoto walitukimbilia mpaka wakachoka. Wanawake waliokuwa wakichuma pareto walisimama na vikapu vyao, wakatutazama mpaka tukapotea.

Tulikuwa tumepatana: kabla ya mteremko wa mwisho angesimama, nishuke, niweke kikapu kichwani, nimfuate nyuma kwa heshima. Tatizo ni kwamba mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri. Tulipokaribia mahali hapo nilimwambia, "Hapa. Nishushe."

"Ninakushusha," akasema. Akabana breki. Baiskeli haikujua kama imebanwa.

"Nishushe, nakuambia."

"Shika vizuri," akasema kwa sauti nyingine, na ndipo nilipojua.

Njia ile ilikuwa kama sabuni. Tulikuwa tukiteremka kwa kasi ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi, migomba ikitupita huku na huku, mume wangu amenyoosha miguu yote miwili pembeni. Kisha njia ikapinda, na baada ya kona hiyo walikuwa wamesimama wazee kadhaa wakimzunguka fahali mwekundu. Majirani wa mlima ule walikuwa na desturi ya kuchangia fahali mmoja kwa ajili ya sikukuu, na siku ile ndiyo waliyokuwa wakimkagua. Aliyeshika kamba alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kahawia.

Mume wangu alipiga kengele. Ndilo jambo pekee alilopata kufanya. Wazee waliruka pembeni, wengine juu, wengine chini. Mimi nilificha uso mgongoni mwake, na kwa kuwa sikuona, nilinyoosha mkono kujizuia nisianguke. Mkono huo ulikutana na kitu laini. Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshika kofia ya baba mkwe wangu.

Hatukwenda mbali baada ya hapo. Baiskeli iliacha njia, ikaingia shamba la viazi vitamu, gurudumu la mbele likazama, na sisi tukaruka juu ya matuta. Nilianguka chali. Mume wangu alianguka karibu yangu, kifudifudi. Sukari ilimwagika. Mkate ulikuwa chini yangu. Gauni langu la samawati sitaeleza lilikuwa limefika wapi.

Niliinua kichwa kidogo kutazama juu njiani, nikaona kitu ambacho nimekisimulia kwa watoto wangu na wajukuu, na kila mara sina budi kunyamaza kwanza nicheke peke yangu. Wazee wale wote walikuwa wametupa mgongo. Walikuwa wamejipanga mstari, wamegeukia mlimani, mikono nyuma, kama watu wanaotazama mvua ikija. Baba mkwe wangu alikuwa katikati, kichwa wazi, na kamba haikuwa mkononi tena. Fahali alikuwa ameshuka taratibu hadi kwenye mahindi ya jirani na anakula.

Hakuna aliyethubutu kugeuka kwenda kumkamata, maana kugeuka kungekuwa kuniona.

"Mwanangu," baba mkwe akasema, akiuambia mlima. "Umevunjika?"

"Hapana, baba."

"Na aliye pamoja nawe?"

Mume wangu alinitazama. Nikatikisa kichwa. "Hajavunjika, baba."

"Amesimama?"

"Bado, baba."

"Basi asimame, maana fahali anamaliza mahindi ya watu."

Nilisimama nikashusha gauni, nikafunga leso kiunoni, nikakusanya kikapu. Kofia niliiweka juu ya tuta la viazi kama mtu anayeweka yai. Mume wangu alinionyesha kwa kidole kijia cha chini kinachopita kando ya kijito hadi jikoni kwa mama yake, nami nikakishika nikiwa nusu natembea, nusu nakimbia. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Tunaweza?" na mume wangu akijibu, "Mnaweza," halafu vishindo vya wazee wakimkimbilia fahali.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye meno yaliyoachana mbele na mikono yenye nguvu sana. Aliniona mlangoni nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi, akaacha kusaga, akauliza nani amekufa. Nilimweleza. Nilikuwa nikilia. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kofia, akaketi chini sakafuni akafunika uso kwa nguo, nikadhani analia pia. Mabega yalikuwa yakitikisika. Alipotoa nguo usoni nikaona alikuwa akicheka hata sauti haitoki.

"Ile kofia," akasema alipopata pumzi. "Mimi mwenyewe sijawahi kuishika."

Aliniosha kwa maji ya moto, akanipa nguo yake, akanilisha ugali wa wimbi na mboga chungu ya chinsaga iliyolazwa katika maziwa. Mkate uliobonyea tulikula vilevile, akasema ni mtamu zaidi ukiwa umekaliwa. Lakini shemeji zangu walipofika jioni na habari ile tayari midomoni, mkubwa wao aliniambia kwamba jambo la kumgusa baba mkwe halipiti hivi hivi. Wazee watakaa. Watadai mbuzi, au zaidi. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Siku zilizofuata zilikuwa za matayarisho, nami nilifanya kazi kama mtu anayelipa kitu. Tulichota udongo mweupe kwenye ukingo wa kijito, tukapaka kuta za nyumba zote za boma. Tulisiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Tulisaga wimbi, tukavunja kuni, tukatandaza maua ya pareto juani tukayaanua kila wingu lilipotokea. Kila asubuhi jamaa mwingine aliwasili kutoka mashamba ya chai au mjini, na kila mmoja akalakiwa kwa vigelegele tangu kijitoni. Niliposikia kikohozi cha baba mkwe nilijificha nyuma ya ghala la wimbi. Naye, nadhani, alikohoa kwa makusudi ili nipate muda wa kujificha. Mara nyingine alikohoa tangu mbali sana.

Mume wangu hakuonyesha wasiwasi. Alininyatia nikichota maji, akanibebea mtungi mpaka mahali ambapo watu wangeweza kutuona, ndipo akanirudishia. Alasiri, kazi ikipungua, tulikwenda uwanja wa shule, ambao ulikuwa mtupu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, akanifundisha kuendesha baiskeli. Alinishikia kiti kwa nyuma akikimbia na mimi, akisema, "Tazama mbele, usitazame gurudumu." Nilianguka mara nyingi kwenye nyasi. Siku moja nilizunguka uwanja nikimsimulia habari za nyumbani kwetu, nikiuliza maswali na kushangaa kwa nini hajibu, nilipogeuka nikamwona amesimama mbali kule golini, mikono kiunoni, ananicheka. Alikuwa ameniachia zamani. Nikaanguka papo hapo, lakini nilikuwa nimeshajua.

Nyimbo pia alinifundisha. Tukiwa kitandani aliniimbia polepole zile zilizokuwa zikiimbwa katika lori, nami nikarudia maneno ya Kiswahili na ya Kigusii mpaka nikayashika. Kwa kuwa ni nyimbo nilizokuwa nimezisikia tangu utotoni kwa mbali, ng'ambo ya bonde, bila maneno, nilishangaa kujua zilikuwa zikisema nini. Zilikuwa zikisema mtoto amezaliwa, basi. Nilimwambia mume wangu kwamba hata baba yangu hangekuwa na ubishi na hilo.

Mama mkwe alituuliza siku moja huwa tunakwenda wapi. Mume wangu akaleta baiskeli nje ya jiko, akaiegemeza kwenye ghala. Mama aliizunguka, akashika kiti, akaangalia kama kuna mtu. Kisha akaniambia mimi nimsaidie, na akamwambia mwanawe aende zake. Nikampandisha. Aliketi pale juu, miguu inaning'inia, ameshika usukani kwa mikono yote miwili, hatuendi popote. Alikaa kwa muda mrefu akitazama migomba. Mwishoni akapiga kengele mara moja, taratibu, akasema, "Basi, nishushe."

Hukumu ilifika siku iliyotangulia Krismasi. Asubuhi fahali alichinjwa chini kijitoni, na wanaume walikuwa wakigawana nyama juu ya majani ya mgomba. Mama mkwe alikuja jikoni akajifuta mikono, akasema wazee wamekaa juu ya lile jambo la kofia na wamemaliza. Nilikuwa nikimenya ndizi. Kisu kilinikwama.

"Baba yenu amesema hivi," akaanza, na alisema kwa uso usio na kicheko, kama alivyotumwa. "Amesema alisimama njiani akaona kitu cheusi kinakuja kinapiga kelele. Kitu hicho ndicho kilichomvua kofia. Mtu hakumwona. Kwa hiyo mtu hana kosa. Mwenye kosa ni baiskeli."

Mume wangu alikuwa ameegemea mlango. "Baiskeli?"

"Baiskeli. Na faini yake ni hii. Ipeleke nyama kwa wajane na wazee wasioweza kushuka kijitoni, nyumba zote za mlima huu na ule wa pili, na imalize kabla jua halijatua. Na kwa kuwa baiskeli haina mikono ya kukabidhi nyama kwa heshima, amesema iende na mtu wa kukabidhi." Akanitazama. "Amesema mtu huyo ashuke kwenye miteremko."

Kule nje, mbali, nilisikia kikohozi, halafu hatua za mtu mzito akienda zake.

Tulifunga nyama katika majani ya mgomba, fungu la kila nyumba peke yake, tukajaza makapu mawili tukayafunga kwenye kerea. Tulitembea zaidi kuliko kupanda, mimi nikisukuma nyuma, yeye akishika usukani. Sijui kama kuna bibi arusi aliyewahi kufahamishwa kwa watu wa kwao mumewe vizuri kuliko nilivyofahamishwa mchana ule. Kila mlango tuliogonga, habari za kofia zilikuwa zimetutangulia. Walinitaka nikae, walinipa uji, ndizi mbivu, kikombe cha maziwa mgando. Mzee mmoja kipofu alitaka kuigusa baiskeli iliyohukumiwa. Akaipapasa tangu gurudumu la mbele hadi la nyuma, akasema imekonda, nyama yake ingekuwa kidogo. Mama mmoja mjane alipokea fungu lake akalinusa, akaniita binti yangu, akanipaka mate ya baraka kwenye paji la uso, jambo ambalo hata mama yangu mzazi alikuwa ameliacha tangu tulipookoka. Nililipokea kwa furaha.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi yake mume wangu, mama yake baba mkwe, aliyekuwa akiishi peke yake juu kabisa kwa sababu hakutaka kuhama. Kwa bibi hakuna ensoni. Bibi na wajukuu ni watu wa utani. Aliponiona alisema kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa, "Ndiwe uliyeninyang'anya mume?"

"Mumeo ndiye huyu," nikasema. "Nimemrudisha kwa siku moja."

"Mwache hapo. Wewe mke mwenzangu kaa hapa karibu yangu unieleze vizuri. Hao wengine wameniambia vibaya. Nasikia mwanangu alibaki kipara mbele ya watu."

Nikamweleza. Alitaka kila kitu: wazee walisimama vipi, nani alikuwa upande gani, fahali alikula mahindi ya nani. Alipocheka alinishika mkono na kuuminya, na ulikuwa mkono mwepesi kama wa ndege. Aliniambia kwamba huyo mwanawe anayeogopwa na watu wote aliwahi kuanguka ndani ya chungu cha uji alipokuwa mdogo, na akamwita mbuzi mmoja jina la shangazi yake. Nilijua kwamba sasa nimo ndani ya familia hiyo.

Mvua ilianza tukiwa hapo, mvua nzito ya kusimamisha safari. Bibi alitoa kipande kimoja cha nyama kwenye fungu lake akakichoma makaani, tukala sisi watatu kwa chumvi, moshi ukitutoa machozi. Mume wangu alivua viatu akanyoosha miguu karibu na moto, na kabla hajamaliza kutafuna akawa amelala, mdomo wazi. Bibi alimtazama akanigeukia.

"Nimekuachia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anakoroma."

Mvua ilipokatika jua lilikuwa halijazama, lilikuwa limetokea chini ya mawingu na kuufanya mlima wote ung'ae. Nilimwamsha. Tulimuaga bibi tukashuka kwa miguu, baiskeli katikati yetu, makapu matupu yakigongana nyuma. Kutoka kanisani, ng'ambo ya bonde, walikuwa wameanza kujaribu nyimbo za kesho, wanaanza na kuacha na kuanza tena. Mume wangu aliushika ubeti wa kwanza. Nami nikaimba naye, kwa sauti, maneno yote.